Dondoo muhimu: Kijana anapobeba jambo zito

Mara nyingi kijana huanza kwa kumsingizia mwenzake: "Shangazi, kuna rafiki yangu siku zake zimechelewa..." Mlezi makini haulizi rafiki huyo ni nani. Anaendelea kumenya viazi taratibu, macho kwenye kisu, mpaka mtoto amalize. Kisha anauliza: "Tumsaidieje?" Asiahidi siri asiyoweza kuitunza, hasa palipo na ukatili.

Asiye na wa kumwambia nyumbani apige 116, namba ya msaada kwa watoto Tanzania, Kenya na Uganda. Kupiga ni bure. Ni vizuri iandikwe ndani ya jalada la daftari, kwani simu nyingi wanazotumia vijana ni za kuazima. Na anayeazima akumbuke kuifuta namba hiyo kwenye orodha ya namba zilizopigwa.

Kwa aliyebakwa, kila saa ina uzito. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Apelekwe kituo cha afya kabla ya kuoga, nguo zake zikiwa kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Walimu na wazazi wanapaswa kulijua hili mapema, si siku ya mkasa.

Kuhusu hedhi, balehe na mapenzi, vijana husoma sana mitandaoni. Video inayoishia kuuza dawa isiaminiwe. Muuguzi wa zahanati anaweza kujibu swali lilelile bila kumuuzia mtu chochote, na nchini Tanzania jarida la Fema huyazungumza mambo hayo kwa Kiswahili cha vijana wenyewe.