SOMO LA KIKUNDI: MBWA NI MWENZI WAKATI WA SHIDA



Mara nyingi tukikutana tunazungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kuku, kwa sababu hao huleta pesa. Leo tuongee juu ya mbwa. Wengi wetu tunamjua kama mlinzi tu: mchana anafungwa, usiku anafunguliwa, akibweka tunaamka. Kumbe ana kazi nyingine ambayo hatuihesabu.

KISA

Mwaka 2022, wakati wa ule ukame ambapo mvua ilikosekana msimu baada ya msimu, tulimtembelea mama mmoja mjane huko Kitui. Mumewe alikuwa amezikwa miezi michache kabla. Mbuzi walikuwa wamebaki wawili. Tulimkuta chini ya mwembe akimmegea ugali Simba, mbwa wa marehemu, huku akimweleza habari za siku hiyo.

Sisi, pamoja na elimu yetu yote, tulimshauri vibaya. Tulimwambia, "Mama, huyu mbwa anamaliza unga wa watoto. Afadhali umpe mtu." Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Siku za matanga mlikuwa wengi hapa. Mlipoenda nilibaki na huyu. Asubuhi anakwaruza mlango, nami naamka. Nikimtoa, nitaamka kwa ajili ya nani?"

Tulikosa la kusema. Njiani ndipo tulipoelewa kwamba hakuwa akisema habari ya mbwa peke yake. Tangu mazishi, hakuna mwanakikundi aliyekuwa amefika kwake.

KWA NINI MBWA HUTULIZA

Kwanza, mbwa haulizi maswali. Hakwambii ujikaze, wala hakukumbushi deni. Anakaa tu karibu nawe.

Pili, anakupa kazi ya kila siku. Mtu mwenye majonzi hupoteza mpango wa siku, lakini mbwa lazima apewe maji na chakula. Ukiamka kwa ajili yake, umeamka.

Tatu, mwili wenyewe hutulia. Mtu akiwa na mawazo mengi, mwili hutoa kemikali iitwayo kotisoli, na ikizidi kwa muda mrefu inaharibu usingizi. Mwaka 2019, watafiti wa chuo kikuu cha Washington State, Marekani, walieleza kwamba wanafunzi waliopapasa mbwa na paka kwa dakika 10 walikuwa na kotisoli ndogo kuliko wale waliotazama tu. Nao watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda, wote wawili huongezeka oksitosini, ile kemikali inayosaidia kumuunganisha mama na mtoto wake mchanga.

TUMTUNZE VIZURI

Mbwa mgonjwa haleti faraja, analeta msiba. Achanjwe kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, na kurudiwa kila mwaka. Serikali yetu ilitoa mpango mwaka 2014 wa kumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, basi mkisikia chanjo inatolewa, wapelekeni. Mtu akiumwa na mbwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikishaanza, ni vigumu sana mtu kupona.

Msimpe mbwa matumbo na maini mabichi ya mnyama aliyechinjwa, maana hapo hupata minyoo inayoweza kutuingia sisi pia. Tunawe mikono baada ya kumshika. Na watoto wadogo wasiachwe naye peke yao.

MBWA HATOSHI

Mbwa hawezi kukupalilia shamba wala kukusindikiza kliniki. Mwenzetu akikosa usingizi au hamu ya chakula kwa wiki mbili, au akisema amechoka kuishi, tusimwachie Simba kazi hiyo. Tukae naye, tumsikilize, tumpeleke kituo cha afya.

Baada ya majuma mawili tulirudi kwa yule mama, safari hii pamoja na mwenyekiti na akina mama wanne. Simba alitubwekea vikali, kwa maana hakutujua. Mama akacheka, akasema, "Mkija mara kwa mara atawazoea." Hatukumwambia tena juu ya unga. Kikundi kilipanga zamu: kila Alhamisi wawili wanapita kwake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyefiwa au kupata hasara ambaye hatujamtembelea tangu siku za matanga?
2. Je, tumewahi kumcheka mtu anayeongea na mbwa wake? Pengine alikuwa anakosa nini?
3. Mbwa wangapi wa wanakikundi wamechanjwa mwaka huu? Wengine watachanjwa lini, na nani atafuatilia?

Msifunge mkutano kabla ya kuandika jina la wa kwanza kutembelewa, na siku ya kwenda.