Mtoto Dhaifu wa Bellur

Katika nchi ya India, upande wa kusini, kuna kijiji kiitwacho Bellur. Hapo, tarehe 14 Desemba 1918, alizaliwa mtoto mwanamume, jina lake B. K. S. Iyengar. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa msiba, maana homa kali ya mafua ilienea duniani kote ikaua mamilioni ya watu. Mtoto huyu alizaliwa dhaifu. Utotoni alipatwa na malaria, na homa ya matumbo, na kifua kikuu. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wa shule, alikufa mtoto angali na umri wa miaka tisa. Mikono na miguu yake ilikuwa myembamba kama vijiti, na walio wengi hawakutumaini kwamba angeishi siku nyingi.

Mwaka 1934 aliitwa na shemeji yake, Tirumalai Krishnamacharya, aende kukaa naye katika mji wa Mysore. Shemeji huyu alikuwa akifundisha yoga katika jumba la mfalme wa nchi ile.

Yoga ni elimu ya kale ya Wahindi. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha yao ya zamani, na shina lake lina maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wawili wafungwavyo nira moja. Mwili na nia ya mtu ni kama ng'ombe hao: mmoja akivuta huku na mwenziwe akivuta kule, shamba halilimiki. Wahindi wengi huishika yoga kama sehemu ya dini yao; watu wengine, wa dini mbalimbali, huifuata kama mazoezi ya mwili na pumzi tu.

Mazoezi ya kwanza yalimwumiza sana kijana yule. Viungo vyake vilikuwa vikavu, na alipoinama vidole vyake havikufika miguuni. Tena mwalimu wake alikuwa mkali. Lakini hakuacha. Alirudia kila siku, leo kidogo na kesho kidogo, hata nguvu zikaanza kumjia. Mwaka 1937 alitumwa mji wa Pune ili afundishe wengine. Alikuwa na umri wa miaka 18 tu, na baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wakubwa na wenye nguvu kumpita. Hakurudi nyuma kwa kuona haya, bali alizidi kujizoeza saa nyingi, ili ajue vema lile alilowafundisha.

Mwaka 1952 alikutana na mpiga fidla mashuhuri, Yehudi Menuhin, ambaye mwili wake ulikuwa umechoka kwa kazi. Menuhin aliona faida ya mazoezi yale, akamwalika Ulaya. Hivyo sifa za mtoto dhaifu wa Bellur zikavuka bahari. Alifariki tarehe 20 Agosti 2014, mwenye umri wa miaka 95. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo, Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani.

Basi, mazoezi haya humfaaje mtu? Kwanza, hunyosha misuli na kulegeza viungo. Mtu aketiye kutwa akiwa ameinamia kazi yake, mgongo wake hukakamaa. Akijinyosha kwa taratibu kila siku, maumivu ya mgongo huweza kupungua. Tena humzoeza kusimama imara asianguke.

Pili, hutuliza nia. Mtu akiogopa, moyo wake hupiga mbio na pumzi zake huwa fupi. Moyo hauamriki, hakuna awezaye kuuambia, "Piga polepole," nao ukatii. Lakini pumzi huamrika. Mtu akivuta pumzi taratibu kwa pua, kisha akaitoa taratibu zaidi, mapigo ya moyo nayo hupungua, na hofu hupoa. Mwanafunzi aketiye mbele ya karatasi ya mtihani huku mikono ikitetemeka aweza kulijaribu jambo hili, wala halina gharama.

Liko zoezi moja liitwalo mti. Mtu husimama kwa mguu mmoja, huweka wayo wa mguu wa pili juu ya paja kwa ndani, kisha hukaza macho mahali pamoja. Nia ikitulia, mwili husimama. Nia ikitangatanga, mwili nao huyumba. Ndipo mtu huona wazi jinsi mambo haya mawili yalivyofungwa nira moja.

Lakini yapasa kuwa na busara. Mazoezi si dawa ya kila ugonjwa. Humtia mtu nguvu, lakini hayaui vijidudu vya kifua kikuu wala vya malaria. Mgonjwa na aende hospitali apewe dawa. Asifanye mazoezi mara baada ya kula, wala asijaribu kusimama kichwa chini pasipo mwalimu. Akisikia maumivu makali, na aache mara moja, maana kujilazimisha huvunja mwili badala ya kuujenga.

Iyengar hakuzaliwa na nguvu, wala hakuzipata kwa siku moja. Alizichuma kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI
1. Ni magonjwa gani yaliyompata Iyengar utotoni?
2. Kwa nini yoga imefananishwa na nira?
3. Eleza jinsi pumzi iwezavyo kutuliza moyo.
4. Mtu mwenye kifua kikuu yampasa kufanya nini? Kwa nini mazoezi peke yake hayamtoshi?