Tovuti Nyingi Ndani ya Seva Moja: Leseni, Vikoa na Mpangilio Wake

Seva moja yenye anwani moja ya IP inaweza kubeba tovuti kumi, ishirini au zaidi, kila moja na jina lake, na anayefungua mojawapo asijue kwamba kuna nyingine jirani. Siri iko kwenye mstari mmoja mfupi. Kivinjari kinapoomba ukurasa, hutaja pia jina la tovuti inayotakiwa katika mstari uitwao Host. Kanuni za HTTP/1.1, zilizochapishwa 1997, ziliufanya mstari huo kuwa wa lazima, na kwa kuusoma seva hujua ifungue folda ipi. Upande wa HTTPS ulichelewa. Huko cheti hutolewa kabla ombi halijasomwa, kwa hiyo kila tovuti ilihitaji IP yake mpaka ilipokuja kanuni ya SNI mwaka 2003, inayolituma jina mwanzoni kabisa mwa mawasiliano.

Kwa Afrika, kushirikiana anwani kuna umuhimu wa pekee. AFRINIC, taasisi inayogawa anwani za IP barani, iliingia katika awamu ya mwisho ya kugawa akiba yake ya IPv4 Januari 2020, na tangu hapo mgao umekuwa wa kubana. Kudai IP ya peke yake kwa kila tovuti ndogo ni gharama isiyo na sababu.

Kazi yenyewe ina hatua nne: leseni, vikoa, mpangilio wa seva na vyeti. Leseni hutangulia kwa kuwa ndizo zinazoamua gharama itapanda vipi kila tovuti mpya inapoingia.

Leseni: kujua kinachohesabiwa

Swali la kwanza kwa kila programu ni hili: leseni yake inahesabu nini? Nyingine huhesabu mashine, nyingine viini vya prosesa, nyingine akaunti, nyingine vikoa.

Mfumo endeshi wa Linux, kama Debian au Ubuntu, hauna ada wala hauhesabu tovuti. Apache hutolewa kwa leseni ya Apache 2.0 na Nginx kwa leseni ya BSD, na zote mbili zinaruhusu matumizi ya kibiashara bila malipo. Windows Server huuzwa kwa kuhesabu viini vya prosesa, kima cha chini kikiwa 16 kwa seva. Idadi ya tovuti zilizomo haibadilishi bei hiyo.

Bei hubadilika zaidi kwenye paneli za usimamizi. Tangu 2019, cPanel hutoza kwa idadi ya akaunti: daraja la chini lina akaunti 1, linalofuata 5, kisha 30, kisha 100. Plesk huhesabu vikoa: toleo la Web Admin hubeba 10, Web Pro 30, na Web Host halina kikomo. Zipo pia HestiaCP, ISPConfig na Virtualmin, ambazo zina matoleo huria yasiyo na ada wala kikomo cha tovuti.

Namna ya kuhesabu huwashawishi watu kukata kona. Kwa kuwa cPanel huhesabu akaunti, mtu hununua akaunti moja na kurundika ndani yake tovuti za wateja kumi kama vikoa vya nyongeza. Pesa inaokolewa, lakini tovuti zote kumi zinaendeshwa na mtumiaji mmoja wa mfumo. Mdukuzi akipenya kwenye tovuti iliyosahaulika, anaweza kusoma faili ya mpangilio ya WordPress, wp-config.php, ya kila jirani, na ndani yake mna nenosiri la hifadhidata. Tovuti za wamiliki tofauti zinastahili akaunti tofauti. Bajeti ikiwa haitoshi, paneli huria yenye akaunti nyingi ni salama kuliko paneli ya kulipia yenye akaunti moja iliyojaa.

Juu ya paneli kuna programu za tovuti zenyewe. WordPress iko chini ya GPL na inaweza kusimikwa mara nyingi kadiri mtu atakavyo. Mandhari na programu-jalizi za kulipia ni habari nyingine: ufunguo wake kwa kawaida hufungwa kwenye idadi fulani ya vikoa, na ndio unaoleta masasisho na msaada. Kabla ya kununua ni vyema kuuliza kama tovuti ya majaribio, mfano test.example.com, itahesabiwa kuwa tovuti ya pili. Nakala zilizovunjwa ufunguo, zinazogawiwa bure mitandaoni, mara nyingi huja na msimbo wa wizi ndani yake. Kwenye seva yenye tovuti nyingi, nakala moja ya namna hiyo ni hatari kwa wote.

Nchini Tanzania kuna pia leseni isiyohusu programu. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizotungwa 2018 na kuandikwa upya 2020, zinawataka watoa huduma za maudhui wanaohusika, hasa wa habari, kuwa na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Wajibu huo ni wa mtoa maudhui, wala haumalizwi na leseni ya mwenye seva.

Vikoa: mmiliki kwanza, rekodi baadaye

Kikoa husajiliwa kupitia msajili aliyeidhinishwa. Nchini Kenya rejista ya .ke iko chini ya KeNIC, na tangu 2017 mtu anaweza kuchukua jina linaloishia moja kwa moja na .ke, mbali na .co.ke na .or.ke zilizozoeleka. Tanzania ina .co.tz, .or.tz na nyinginezo chini ya .tz.

Jambo la kwanza kuthibitisha ni jina la mmiliki lililoandikwa kwenye usajili. Fundi anaposajili kikoa cha mteja kwa jina na barua pepe yake mwenyewe, siku wakiachana mteja hubaki na biashara isiyo na jina. Kikoa kiandikwe kwa mwenye biashara, na fundi awekwe kama mwasiliani wa kiufundi tu.

Kisha huja rekodi za DNS. Katika mifano ifuatayo, example.com, example.org na anwani 203.0.113.10 zimetengwa rasmi kwa ajili ya kufundishia. Kila kikoa kinahitaji rekodi ya A inayoelekeza jina tupu kwenye IP ya seva, na ya AAAA kama seva ina IPv6. Jina lenye www linaweza kuwa CNAME ya jina tupu. Jina tupu lenyewe halipaswi kuwa CNAME, kwa sababu hapo ndipo zinapokaa rekodi za SOA na NS, na CNAME haikubali kuishi na rekodi nyingine.

Tovuti inapohamishwa kutoka kwa mtoa huduma mwingine, hatari kubwa ni barua pepe. Kubadilisha seva za majina bila kunakili rekodi za MX na TXT zilizopo hufanya tovuti ifunguke vizuri huku barua za ofisi zikipotea. Rekodi zote ziorodheshwe kwanza. TTL, yaani muda ambao rekodi hukumbukwa, ishushwe hadi sekunde 300 siku moja au mbili kabla ya kuhama, ili mabadiliko yaenee haraka. Amri ya `dig +short example.com` ikirudisha 203.0.113.10, hatua hii imekamilika.

Mpangilio wa seva: kila tovuti na chumba chake

Kila tovuti ipewe mtumiaji wake wa mfumo, folda yake, hifadhidata yake yenye nenosiri lake, na faili yake ya mpangilio. Kwenye Nginx, faili hiyo huwa hivi:

```
server {
    listen 80;
    server_name example.com www.example.com;
    root /var/www/example.com/public;
}
```

Faili ya example.org hufanana nayo, isipokuwa jina na folda. Kila tovuti ya PHP iongezewe kundi lake la PHP-FPM linaloendeshwa na mtumiaji wa tovuti husika. Hapo, ruhusa za faili zikiwekwa sawasawa, tovuti moja haiwezi kusoma faili za nyingine, na kikomo cha pm.max_children huizuia tovuti yenye wageni wengi kumaliza RAM ya wote. Kabla ya kuwasha mabadiliko, amri ya `nginx -t` hukagua makosa. Bila ukaguzi huo, kosa la nukta mkato moja linaweza kuziangusha tovuti zote seva inapowashwa upya.

Kuna kasoro moja inayowasumbua wengi. Mgeni anafungua example.org kwa HTTPS, anapata onyo la cheti, na akiendelea anaiona tovuti ya example.com. Hakuna aliyedukuliwa. Nginx inapopokea jina isilolijua kwenye mlango (port) fulani, hutumia mpangilio wa kwanza iliousoma, na faili husomwa kwa mpangilio wa alfabeti. Kama example.org haina mpangilio kwenye mlango wa 443, ombi lake huangukia kwa jirani. Dawa ni kuandika mpangilio maalumu wenye neno default_server usiokuwa wa tovuti yoyote: kwenye mlango wa 80 urudishe 444, na kwenye 443 utumie ssl_reject_handshake, iliyopo tangu toleo la 1.19.4.

Vyeti: visasishwe bila mkono wa mtu

Let's Encrypt, iliyofunguliwa kwa umma Desemba 2015, hutoa vyeti bila malipo. Programu ya Certbot huomba cheti kwa amri kama hii:

`certbot --nginx -d example.com -d www.example.com`

DNS lazima iwe imeshaelekezwa kwenye seva. Kujaribu kabla ya hapo ni kupoteza nafasi, kwani majaribio matano yaliyoshindikana kwa jina moja ndani ya saa moja hufunga mlango kwa muda. Cheti kimoja kinaweza kubeba hadi majina 100, lakini kwa wamiliki tofauti ni bora kila mmoja awe na chake: majina yote yaliyomo husomwa na yeyote anayekifungua cheti, na jina moja likihama seva, usasishaji wa cheti kizima hukwama.

Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt kimekuwa kikidumu siku 90, na mwelekeo wa dunia ni kufupisha muda zaidi: mwaka 2025 kampuni za vivinjari na za vyeti zilikubaliana kikomo cha vyeti vyote vya umma kishuke hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Let's Encrypt pia iliacha kutuma barua za kukumbusha Juni 2025. Usasishaji lazima uwe wa moja kwa moja, na `certbot renew --dry-run` ndiyo njia ya kuthibitisha kwamba unafanya kazi.

Barua pepe na chelezo

IP moja ina sifa moja mbele ya watoa huduma za barua. Tovuti moja ikidukuliwa na kuanza kumwaga barua taka, barua za tovuti zote zinaweza kukataliwa. Kwa hiyo barua zipitishwe kwa huduma iliyo nje ya seva. Chelezo nazo zichukuliwe kwa kila tovuti peke yake, faili pamoja na hifadhidata, na zihifadhiwe mahali pengine, kwa kuwa diski ikifa huzichukua tovuti zote kwa pamoja.

Kipimo cha kazi nzuri ni kuweza kuiondoa tovuti yoyote leo na kuihamishia seva nyingine bila jirani yake kutetereka. Anayetunza tovuti za watu basi amkabidhi kila mteja vitu vitatu tangu siku ya kwanza: kikoa kwa jina lake, funguo za leseni alizozilipia, na nakala ya chelezo yake.