Pesa za Ndugu Mwenye Ulemavu: Zishike Bila Kuzichanganya na Zako

Umeachiwa pesa za kumtunza ndugu yako mwenye ulemavu. Ziko kwa laini yako, pamoja na mshahara wako na za chama. Huna nia mbaya. Lakini ukiulizwa sasa hivi za ndugu yako ni ngapi, utajibu? Na Mungu akikuita kesho, nani atajua zilikuwa zake?

Hapo ndipo amana husaidia. Amana ni mpango wa maandishi: mali inawekwa mikononi mwa wadhamini, nao wanaitumia kwa faida ya mnufaika tu. Tangu 2021, sheria ya Kenya inatambua waziwazi amana ya familia. Mwone wakili aandike hati inayosema nani ni wadhamini, pesa ni za kazi gani, na nani atashika nafasi mdhamini akifa au akishindwa.

Piga hesabu kwanza

Tuseme baba ameacha shilingi 600,000 kwa binti wa miaka 14. Mazoezi ya viungo ni 6,000 kwa mwezi, nepi 3,000, nauli 1,000. Jumla 10,000. Zikikaa tu bila kuzaa, zitaisha kwa miaka 5, binti akiwa na miaka 19. Ni afadhali mdhamini ajue hayo leo, apange uwekezaji na familia mapema.

Kisha fuata haya

1. Tenga. Pesa nyingi zikae benki, kwa akaunti ya amana yenye sahihi za watu wawili. Za matumizi ya mwezi ndizo zije kwa simu, kwa laini ya kazi hiyo pekee.

2. Lipa moja kwa moja. Hospitali kwa Paybill, duka la dawa kwa Till. Ukitoa pesa kwa ajenti, taarifa ya akaunti itaonyesha umetoa, haitaonyesha ulinunua nini.

3. Weka rekodi. Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya akaunti, uihifadhi pamoja na risiti. Mpe mdhamini mwenzako nakala.

4. PIN usimpe mtu. Hata mlezi. Mtumie za wiki, naye akutumie picha ya risiti.

5. Usijikopeshe. "Nitarudisha Ijumaa" ndiyo huanza hivyo. Pesa za amana si zako, hata kwa siku moja.

6. Muulize mwenyewe. Ulemavu haumnyimi mtu maoni. Huenda anataka kiti kipya cha magurudumu kabla ya hicho unachopanga wewe.

Kama anapokea shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi, ziandike pia, kwa mstari wake.

Usingoje hati iwe tayari. Leo jioni chukua daftari, andika kiasi kilichopo na ni cha nani, kisha mwonyeshe mtu mmoja wa familia. Siku usipokuwepo, daftari hilo ndilo litamsemea.