"Nendeni Tu, Mimi Nitalinda Nyumba"



Yako maneno yanayosikika ya upole, kumbe yanaficha kidonda. "Nendeni tu, mimi nitalinda nyumba." Katika kazi yangu ya ukatekista hapa Matungu nimeyasikia katika boma zaidi ya moja, na msemaji ni mzazi mwenye ulemavu. Siku ya ngoma au tamasha la shule wengine huvaa nguo nzuri na kuondoka, naye hubaki uani na kuku.

Katika nyumba moja, ambayo sitaitaja, mume aliumia mgongo na sasa hutumia kiti cha magurudumu. Binti yao alipochaguliwa kuongoza wimbo shuleni, mama alikwenda na watoto. Jioni walirudi wakicheka. Baba akauliza, "Ilikuwaje?" Akajibiwa, "Ilikuwa nzuri, Baba." Basi. Miaka miwili ilipita hivyo. Mwishowe mama alinijia akilalamika kwamba mumewe amekuwa mkali. Nilipomwendea, mume aliniambia, "Katekista, shida zao tunazibeba pamoja. Furaha yao ninaisikia tu."

Ndugu, siku ya ndoa tuliahidiana taabu na raha. Wengi tunautunza vizuri upande wa taabu: tunaogesha, tunatafuta dawa. Lakini raha nayo tuliiahidi. Tufanyeje basi?

Kwanza, ulizaneni. Usimwamulie mwenzako kwamba atachoka. Nawe mwenye ulemavu, usiseme "nendeni tu" huku moyo unataka kwenda. Mwenzako si mganga wa kusoma moyo.

Pili, chagueni burudani inayofaa. Mapigano ya fahali ya upande wa Ikolomani na Khayega hufanyika asubuhi na mapema. Watu husimama wamebanana, na fahali akitoroka wote hukimbia. Hapo si mahali pa kiti cha magurudumu. Isukuti ni tofauti. Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho iliandikishwa na UNESCO mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Asiyeona huifuata kwa masikio. Asiyesikia huona mabega ya wachezaji, na akiketi karibu huhisi mdundo kifuani.

Tatu, mmoja wenu atangulie kukagua. Pimeni upana wa kiti kwa kamba nyumbani, kisha mpime mlango wa ukumbi na wa choo kwa kamba hiyo hiyo. Hesabuni ngazi. Kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, na matope hushika magurudumu, fikeni mapema. Nauli ya gari linaloweza kubeba kiti iwekwe kando kidogo kidogo kila wiki.

Nne, semeni na wenye shughuli wiki moja mbele. Hamwombi sadaka. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na pia haki ya usafiri na habari. Ombeni nafasi ya familia nzima, ili baba asiwekwe peke yake pembeni kama mzigo.

Tano, lindeni heshima yake. Asiyeona ashike kiwiko chako, usimburute. Mnong'onezee kinachotendeka uwanjani. Mtoto asifanywe mkalimani saa zote, maana naye amekuja kufurahi. Na kama baba ndiye mwenye kiti, yeye ndiye alipe kiingilio na awanunulie watoto njugu.

Ikishindikana kabisa kwenda, iiteni kwaya ya vijana ije kuimba uani kwenu siku ya jumuiya. Katika Injili ya Marko, watu wanne waliona umati umeziba mlango, wakapanda na kufungua paa ili rafiki yao aingie. Hawakumwambia abaki alinde nyumba.

Ile familia niliyowasimulia ilizungumza na mwalimu mkuu. Ukumbi ulikuwa na ngazi, kwa hiyo nyimbo zilihamishiwa chini ya mti. Binti aliimba akimtazama baba yake. Njiani kurudi walibishana wote, nani alikosea sauti katika ubeti wa pili. Baba alishikilia kwamba ni wale wa sauti ya chini. Safari hii naye alikuwa shahidi.

Ya kujadili ninyi wawili jioni hii:

1. Mara ya mwisho kuketi pamoja mahali pa kicheko ilikuwa lini?
2. Katika nyumba yetu, nani hubaki kila mara, na je, tumewahi kumwuliza kama anapenda?
3. Katika jumuiya yetu, ni jirani yupi tunaweza kumsaidia kufika?