Kumtungia Bwana Msa Kisa Kipya

Wengi wanaotunga hadithi fupi juu ya mhusika wanayempenda huanza kwa kummwagia sifa: ni jasiri, ni mwerevu, hashindwi na jambo. Ukurasa wa kwanza unaisha na hakuna kilichotokea. Msomaji hakuja kusikiliza sifa. Anataka kumwona mtu huyo akiwa kazini.

Tumchukue Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka mwaka 1960, zikafuata nyingine, zikiwamo Kisima cha Giningi (1968) na Siri ya Sifuri (1974). Kabla hujashika kalamu, soma upya mojawapo huku daftari likiwa karibu. Andika vitendo, sifa ziache. Anavuta kiko. Anauliza swali ambalo wengine huliona la kipuuzi. Hana pupa. Ubavuni mwake yuko Najum, rafiki anayeshangaa kwa niaba yetu. Chagua mambo matatu au manne tu, maana hadithi fupi haina nafasi ya yote.

Kisha mtafutie tatizo dogo. Mauaji na mirathi vinahitaji riwaya nzima. Wewe unatosheka na mkufu uliopotea huko Ng'ambo, mjini Zanzibar, usiku wa kuamkia harusi. Nyumba imejaa wageni, mama wa bibi harusi analia, na mtumishi ameshaanza kutupiwa macho. Bwana Msa anaingia, anakataa kahawa, anauliza: "Chumba hiki amefagia nani?" Kila mtu anakasirika. Hapo huna haja tena ya kuandika kwamba ana akili, ameshaonekana.

Jaribio langu la kupima hadithi za namna hii ni moja. Mwondoe mhusika wako, umweke Abunuwasi, yule mjanja wa ngano, mahali pake. Abunuwasi asingeuliza habari za kufagia. Angetangaza kwamba mkufu ule una laana, kisha akae pembeni kumtazama anayetokwa jasho. Tatizo ni lile lile, lakini kisa kimegeuka kabisa. Kama kwako hakigeuki, basi umeandika juu ya mkufu, na mhusika amepita njia tu.

Usimbadilishe tabia ili kuongeza msisimko, kwa mfano kumfanya arushe ngumi na kufyatua bastola. Ukipenda hayo, mwandike Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, kazi hiyo anaiweza. Unaruhusiwa, hata hivyo, kumtikisa: mpe kidokezo kinachomdanganya, au mshukiwa ambaye ni rafiki yake wa baraza. Mtu mwerevu hupendeza zaidi anapokaribia kukosea.

Lugha nayo iangalie. Wahusika wazungumze Kiunguja cha mtaani, wala si cha taarifa ya habari, na Najum aruhusiwe kumkatiza mwenzake.

Kuhusu haki: sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania zinalinda kazi ya mwandishi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Abdulla alifariki mwaka 1991, kwa hiyo Bwana Msa bado ana wenyewe. Tunga kwa mazoezi, wasomee rafiki zako. Ukitaka kuchapisha au kuuza, omba kwanza idhini ya mchapishaji au ya warithi. Ukiona hilo ni zito, anza na Abunuwasi, ambaye watu wamemsimulia upya kwa karne nyingi.