Hoteli na hospitali, ndugu wa tumbo moja

Swali: Je, “hotel” na “hospital” za Kiingereza zina undugu? (Msomaji, Rubwera, Kyerwa)

Jibu: Zina undugu wa karibu sana. Mzizi wake ni hospes ya Kilatini, yaani mgeni, na pia mwenyeji anayempokea. Hospitale ilikuwa nyumba ya kupokelea wageni. Wasafiri, maskini na wagonjwa walihifadhiwa humo. Wafaransa walilifupisha neno hilo likawa hostel, kisha s ikaacha kutamkwa. Kikofia kilicho juu ya o katika hôtel ndiyo alama yake.

Anayeuguza ndugu yake Hospitali ya Nyakahanga, Karagwe, kisha akaenda hotelini kula ndizi, ametumia mzizi huohuo mara mbili.

Lakini kati ya maneno ya Kiingereza yenye asili ya Kilatini, “street” (barabara) ndilo linalosisimua zaidi: limetokana na strata, barabara ya mawe ya Warumi. Wanaisimu wengi wanakubali kwamba sirati ya Kiarabu, yaani njia, inayotajwa katika sura ya Alhamdu, imetoka hukohuko.